Kumsindikiza Babu

Jumapili ile Belinda aliwaamkia watu kumi na moja. Kumi kati yao walionekana.

Alikuwa na miaka mitano, na mama yake, Selina, alikuwa amemfundisha vizuri. Ukimkuta mtu mzima unasimama, unainamisha kichwa, unasema shikamoo, na huondoki mpaka aitikie. Selina alipenda kuona uso wa mzee unavyochangamka akiamkiwa na mtoto. Kuna wazee ambao siku nzima hawapati kingine cha kuwafurahisha.

Baba yake, Deo, aliendesha bajaji mjini Singida. Wageni waliokuja kwenye harusi na semina walimkodi awazungushe: Ziwa Singidani kutazama flamingo, kuta za mawe zilizoachwa na Wajerumani, kisha pango la michoro huko kwenye mawe yaliyopandana. Siku hiyo aliamua kuwapeleka watu wake.

"Mama Belinda, kaa nyuma ujinafasi," alisema. "Leo wewe ndiye mtalii. Ukiona jiwe, shangaa."

"Mawe nimezaliwa nayo."

"Basi mshangae dereva."

Ziwani Belinda aliwaamkia wavuvi, mpiga picha na mama aliyekuwa akichoma mahindi, ambaye alimpa hindi zima na kukataa kabisa kushukuriwa. Kwenye kuta za Wajerumani alimwamkia mlinzi. Jua lilikuwa kali walipofika pangoni.

Pango lilikuwa chini ya jiwe kubwa kuliko nyumba. Ukutani kulikuwa na twiga na watu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu iliyofifia. Nje upepo ulivuma kama unavyovuma Singida siku zote, lakini ndani hata ukingo wa khanga ya Selina haukutikisika. Palinuka tope la magadi, na ziwa walikuwa wameliacha mbali.

Belinda alisogea mpaka kwenye kona yenye giza. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo."

Hakuna aliyejibu. Mtoto akangoja, kama alivyofundishwa.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Sauti ilikuwa nzito na kavu, kama jiwe la kusagia likivutwa juu ya jingine.

"Mwangwi huo," alisema Deo.

"Mwangwi unasema marahaba?" aliuliza Selina.

Deo alikuwa ameshambeba mtoto.

Walikuwa wamepanga vyumba viwili mtaa wa Unyambwa. Ukuta mmoja waliuchangia na Bibi Theresia, mjane aliyeishi na mjukuu wake wa miaka minne, Hosea. Selina alipotoka kujifungua Belinda, Bibi Theresia alimfulia nguo wiki nzima bila kuombwa, na hakuwahi kulitaja jambo hilo tena. Jioni ile waliporudi aliwaletea bakuli la mlenda, akisema watalii hawapiki.

Jumatatu asubuhi Selina alikuta kigoda cha jikoni kimewekwa katikati ya chumba, kimeelekea kitanda cha mtoto. Akakirudisha. Saa sita mchana kilikuwa pale pale tena, na sakafuni kukizunguka palikuwa na unga mweupe. Akaugusa kwa ncha ya ulimi. Magadi.

Jumanne uji ulikuwa na chumvi ambayo hakuitia, na maji ya ndooni yalikuwa machungu. Belinda aliamka, akasimama mbele ya kigoda kitupu, akainamisha kichwa. "Shikamoo, babu." Selina hakusikia jibu, ila alisikia mbao za kigoda zikilia, kama zinavyolia mtu mzito anapojiweka sawa.

Siku ya Jumatano, bombani, Bibi Theresia alimuuliza, "Mmepata mgeni? Namsikia mtoto akimwamkia babu yake. Na yeye namsikia anavyoitikia. Ana sauti huyo."

Selina aliona aibu. Yeye ni mwanakwaya. Angesemaje kwamba nyumbani kwake kuna jini?

"Ndiyo, bibi," alisema. "Ni mgeni wa baba Belinda. Anaumwa kidogo, hatoki."

"Maskini. Mpe pole yake."

Mchana ule mikono ya mtoto ilianza kuwa baridi. Selina aliisugua, akaifunika, akaiweka kwapani mwake, lakini haikupata joto, na alipomtazama mtoto usoni karibu na dirisha aliona nyusi zake zimeshika chumvi, na midomo imepasuka kama ardhi ya kando ya ziwa maji yanaporudi nyuma. Alimwosha. Baada ya saa moja chumvi ilikuwa imerudi.

Alhamisi alimkuta akipanga magauni yake kwenye mfuko wa rambo.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwa babu. Anasema Jumamosi nikakae naye. Hana mtu wa kumchotea maji."

Alisema bila hofu, kwa maana watoto wengi wa mtaa ule walikuwa wamepelekwa kukaa na babu na bibi zao, na yeye aliona ni zamu yake. Na Selina, aliyekuwa amepiga magoti amshike, akasikia nyuma ya kisogo chake pumzi ndefu yenye harufu ya tope, ikamwinua nywele zilizotoka kwenye kilemba, kisha ikacheka polepole, kicheko cha mzee anayejua kwamba katika nyumba yenye adabu hakuna atakayemkatalia.

Deo alikwenda kwa Mzee Miraji jioni ile ile, na Ijumaa asubuhi akampeleka Selina. Mzee Miraji alikuwa fundi baiskeli. Watu walimpelekea magurudumu, na wengine walimpelekea mambo mengine. Alisikiliza huku akizungusha ringi na kukaza spoku.

"Mzee, sisi ni watu wa kanisani," alisema Deo.

"Na mimi ni wa msikitini. Shika hiyo spana." Akamgeukia Selina. "Nani alianza kumwamkia mwenzake?"

"Mtoto."

"Na alipoitikia, mtoto akawa mjukuu. Hakuwaingilia huyo. Mlimfanya ndugu, mkaondoka bila kumuaga, naye akawafuata."

"Mfukuze, mzee," alisema Selina. "Nakuomba."

"Nikimfukuza kwa moshi ataondoka leo, na mtoto atakuwa mgongoni mwake. Atoke kama anavyotoka mgeni. Kesho, kabla hajamdai, msindikizeni mpaka kwake. Kwa miguu. Baba abebe kigoda, mama abebe mtoto. Toka mlangoni mpaka pangoni msizungumze na mtu yeyote, na msitazame nyuma. Mkiweka kigoda chini, mwambieni kwaheri, basi. Msimwambie karibu tena. Sisi maneno hayo hututoka yenyewe. Jiumeni ulimi ikibidi, lakini yasitoke kwa mtu yeyote."

Jumamosi jua lilikuwa linachomoza walipofungua mlango. Selina alimfunga Belinda mgongoni. Alikuwa baridi kama mtungi. Deo aliinua kigoda kwa mkono mmoja, kikamshinda, akakishika kwa mikono miwili.

Bibi Theresia alikuwa anafagia uwanja. "Mmeamka salama, wanangu?"

Selina alimpita mtu aliyemfulia nguo bila kumjibu. Hakuwa amewahi kufanya jambo lililomuuma hivyo. Nyuma yao alisikia ufagio umesimama, na sauti ya Bibi Theresia ikisema kitu, lakini upepo ukaichukua.

Walitembea, na kadiri walivyotembea kigoda kilizidi kuwa kizito, hata Deo akawa anakibeba kama mtu anayebeba mgonjwa, jasho likimtoka na shingo ikimtetemeka, na nyuma yao, hatua tatu tu, kitu kilivuta miguu mchangani, kikisimama waliposimama, kikisonga waliposonga, na mara mbili Selina alihisi mfundo wa khanga iliyomshika mtoto ukijaribiwa kwa vidole vilivyokuwa na haraka, akaukamata kwa mikono yote miwili na kuendelea kutembea huku machozi yakimkauka usoni yakawa chumvi.

Pangoni Deo aliweka kigoda chini ya wale watu wembamba wekundu.

"Kwaheri, babu," alisema.

"Kwaheri," alisema Selina.

Kigoda kililia. "Asanteni kwa kunisindikiza," ilisema ile sauti, karibu kabisa na sikio lake. Kisha ikangoja. Ilingoja kama Belinda alivyongoja siku ile, kwa subira, mpaka aitikiwe kama inavyotakiwa, na yale maneno yakampanda Selina kooni, maneno aliyoyasema kila siku ya maisha yake kwa kila aliyevuka kizingiti chake, hata kwa muuza sabuni, hata kwa mtu aliyemchukia, akauma ulimi mpaka akaonja damu. Deo alikuwa amejaza ncha ya khanga ya Selina mdomoni.

Hawakuyasema. Wakageuka, wakatoka.

Nje upepo uliwapiga. Walipofika barabarani, mgongo wa Selina ulianza kupata joto.

"Mama," alisema Belinda, "nina njaa."

Deo alikaa chini kando ya barabara, akalia wazi wazi, na mwanamume mmoja aliyepita na baiskeli akasimama kumuuliza kama kuna msiba.

Walifika nyumbani saa nane. Bibi Theresia alikuwa ameketi barazani kwake, sufuria ya uji imefunikwa kando yake. Selina alikwenda moja kwa moja, akapiga magoti.

"Shikamoo, bibi. Nisamehe kwa asubuhi. Sikuweza kuzungumza."

"Marahaba. Nani amekasirika? Watu wakiondoka na mgonjwa huwa wana mawazo. Mpe mtoto uji huu, naona rangi imemrudi." Akampa kikombe. "Halafu yule babu yenu ni mstaarabu kweli. Mlipotangulia alisimama, akageuka, akanitazama. Nikaona aibu. Mtu amekaa wiki nzima nyuma ya ukuta wangu na sijampelekea hata maji."

Selina alishika kikombe bila kukipeleka popote.

"Ukamwambia nini, bibi?"

"Ningemwambia nini tena? Nilimwambia, babu, karibu tena. Na wenyewe wasipokuwepo, mlango wangu huu hapa, nina mjukuu, atakuchangamsha." Alitabasamu. "Akauliza, ana miaka mingapi?"

Ndani, nyuma ya pazia la Bibi Theresia, kitu kizito kilivutwa sakafuni, kikawekwa sawa. Harufu ya tope la magadi ikatoka mpaka barazani.

"Shikamoo, babu," ilisema sauti ndogo ya Hosea.

"Umemsikia?" alisema Bibi Theresia. Alikuwa ameshanyanyuka, anatafuta kikombe kizuri cha kumpelekea mgeni maji. "Huyo wala sijamfundisha. Anajua mwenyewe."