Mkalimani wa Chumba cha Skani

Sakafuni palikuwa na nyayo za maji. Kakuma haikuwa imenyeshewa kwa miezi saba, mto Tarach ulikuwa mchanga mtupu, lakini nyayo zilikuwa pale, kutoka mlangoni hadi kitandani, mbichi, zikinuka matope ya mtoni. Ajwang, mpiga skani za wajawazito, alizipangusa, akamwita mama wa kwanza.

Mama huyo, Nyaduoth, alikuwa Mnuer wa Sudan Kusini mwenye mimba ya miezi minane. Kiswahili hakukijua. Nyuma yake aliingia mwanamke mrefu, fulana ya ukalimani imemlowa mgongoni. Mkalimani wa zamani alikuwa ameacha kazi. Ajwang akashukuru kwamba hatimaye ameletewa mwingine.

Alipaka jeli, akatazama kioo cha mashine. Mikono miwili. Mgongo umenyooka. Kisha moyo. Alihesabu vyumba vyake, akahesabu tena: vitatu, badala ya vinne.

"Mwambie polepole," alinong'ona. "Moyo wa mtoto una kasoro. Asizalie hapa. Azalie Lodwar, na mtoto akitoka tu asafirishwe Eldoret kwa wapasuaji. Akifanya hivyo, mtoto ataishi."

Mkalimani aliinama, akasema kwa Kiarabu cha Juba, taratibu, kama anayebembeleza. Ajwang hakuijua lugha hiyo, ila alisikia moya, tena moya, akaridhika. Ni lafudhi tu, moyo umetajwa. Nyaduoth alitabasamu, na Ajwang akaona huo ni ujasiri. Barua ya rufaa alimkabidhi mkalimani.

Nje, Esekon mlinzi alimsalimia kwa Kiturkana, kisha akamtania. "Ejok, daktari. Leo ulikuwa na nani? Mimi nimeona mama mmoja tu."

Ajwang alimjibu kwamba jua limempiga.

Wiki tano baadaye Nyaduoth alirudi, tumbo tupu, na kaka yake Gatjang, aliyejifunza Kiswahili kambini. Gatjang alisema huku akitazama chini.

"Daktari, dada anauliza. Alikunywa maji vile ulisema, mpaka anatapika. Mtoto alitoka bluu, jioni akakufa. Anauliza, maji haikutosha?"

"Maji gani?"

"Ulisema moya. Kwa Kiarabu yetu moya ni maji. Ulisema mtoto iko na kiu, mama akae nyumbani, akunywe."

Ajwang alimtaja mkalimani. Gatjang akamuuliza dadake kwa sauti ndogo, na Nyaduoth akajibu akimnyooshea Ajwang kidole.

"Anasema hakuna mtu mwingine," Gatjang alinong'ona. "Ni wewe ulimwambia. Kwa mdomo yako."

Waliondoka. Kitandani tayari alikuwa amelala mama mwingine, Nyariek, na kwenye kioo uti wa mgongo wa mwanawe ulikuwa wazi kama zipu iliyokatika, na Ajwang, akiogopa hata kumeza mate, aliapa hatasema neno mpaka amwite Gatjang kutoka njiani, akafungua kinywa apaze sauti, lakini ulimi ukageuka wenyewe, ukaanza Kiarabu laini, kirefu, kitamu, lugha asiyoielewa ila neno moja, moya, tena moya, na alipouziba mdomo kwa viganja vyote viwili sauti iliendelea kupenya kati ya vidole, na Nyariek akaitikia kwa kichwa, ametulia, akajifuta jeli, akafunga shuka lake.

"Shukran, daktari," alisema, akaenda zake nyumbani.