Malkia wa Kilo Themanini na Sita

"Usinitie mimi kwenye hiyo kesi! Simu umepiga wewe, kwa kidole chako mwenyewe!"

"Na namba nani alinisomea? Si wewe uliyeikariri kama tarehe ya harusi yako?"

"Namba ilikuwa kwenye runinga, shoga! Mji mzima uliiona! Mbona wenzako hawakuwachongea waume zao?"

Hapo nilivua ndala...

Jamani wapenzi wasomaji, vuteni viti. Huyo aliyeshika kiuno upande wa pili wa ukuta ni jirani yangu. Mtaani tunamwita Taarifa ya Habari, kwa sababu redio yake haizimwi, na mdomo wake vilevile. Mwenye ndala mkononi ni mimi, msusi, mwenye saluni ya viti vitatu na umbea wa viti kumi.

Dakika tano kabla ya ugomvi huo, simu yangu ilikuwa imelia. Alikuwa mlinzi wa uwanja ule mdogo wa ndege anakofanya kazi mume wangu.

"Shemeji, njoo haraka! Askari wamezingira banda! Wamemlaza Fundi kifudifudi, mikono kisogoni!"

Fundi ndiye mume wangu. Anatengeneza injini za ndege ndogo, zile za watu binafsi zenye viti vinne.

Na aliyewaita askari... ni mimi.

Msinitukane kwanza. Sikilizeni.

Mwezi mzima ule kwenye runinga habari ilikuwa moja tu. Ndege ndogo! Ndege ndogo! Asubuhi mtaalamu mwenye tai, jioni mtaalamu mwingine mwenye tai pana zaidi.

"Ndege hizi hazikaguliwi kama zile kubwa," anasema. "Mtu anaweza kupakia chochote akaruka. Mwananchi, ukiona mizigo ya kutiliwa shaka, piga namba hii."

Mteja wangu mmoja, kichwa nusu kimesukwa, akaangalia dari.

"Mimi leo nalala chini ya kitanda."

"Kwani kitanda chako kinazuia ndege?" Taarifa ya Habari akamuuliza.

Tukacheka. Lakini mwenzenu nilicheka kwa meno tu. Moyoni nilikuwa na ndege yangu moja, nyeupe, yenye mstari wa bluu ubavuni. Na mwenye ndege hiyo alikuwa mwanamke!

Rubani. Mrefu, mwembamba kama sindano, miwani myeusi, suruali imemkaa kama alizaliwa nayo. Mume wangu akirudi kazini ni Rubani hivi, Rubani vile. "Rubani ametua na upepo wa ubavuni, hata kikombe hakikutikisika!"

Mimi nasuka vichwa sita kwa siku, vidole vinakufa ganzi. Nani alishawahi kunisifia kikombe?

Halafu akaanza kunificha mambo. Simu anapokelea uani. Jumapili anaenda kazini. Nikimuuliza, "Leo mbona unanukia sabuni badala ya grisi?" anacheka tu, "Aah, mama nanihii, na wewe!"

Roho iliniuma, ikauma, ikaanza kunitafuna mifupa.

Siku moja nafua ovaroli yake, mfukoni nikakuta kijidaftari. Ukurasa wa mwisho, mwandiko wake kabisa:

*Malkia. Kilo 86. Kiti cha nyuma, kushoto. Jumamosi. Asijue mtu.*

Nilikaa chini kwenye maji ya sabuni, kanga yote ikalowa.

Malkia?!

Mimi miaka kumi na moja ananiita mama nanihii. Malkia ni nani?

Nikampelekea jirani. Akausoma ule ukurasa kama anasoma habari za saa mbili.

"Rubani huyu si kilo hamsini na kitu?"

"Hata hamsini hafiki!"

"Na wewe?"

"Sabini na mbili," nikajibu bila kupepesa.

Akanitazama juu hadi chini, akameza maneno yake. Ningemwelewa siku ile, yote haya yasingetokea.

"Basi shoga," akasema polepole, "wako wawili. Mwembamba wa kurusha na mnene wa kukaa nyuma."

Wawili! Yaani mume wangu yule yule anayeshindwa kutafuta soksi zake, ana wanawake wawili angani?!

Kesho yake nikafunga saluni mchana, nikaenda kusimama nyuma ya uzio wa uwanja. Nikawaona kwa macho yangu. Fundi na Rubani wanabeba mifuko mizito, mmoja mmoja, wanaipanga ndani ya ndege. Haina jina, haina alama. Wanaipanga kwenye kiti cha nyuma, kushoto, halafu mume wangu anaifunga mkanda taratibu kama anamfunga mtoto.

Wakatazamana, wakacheka.

Kile kicheko ndicho kilichoniua!

Nikatoa simu, nikapiga ile namba ya runinga aliyokuwa amenisomea jirani. "Halo? Kuna ndege ndogo nyeupe. Inapakiwa mifuko ya ajabu. Wanaficha ficha... Mimi? Raia mwema tu."

Nilijiambia namchongea Rubani. Anyang'anywe ndege, apotee, mume wangu arudie kunisimulia habari za spana. Wallahi sikufikiria kwamba askari wakija hawachagui wa kumlaza.

Basi, turudi kwenye ndala.

"Utanipiga baadaye," jirani akasema, kanga ameshaifunga kiunoni. "Sasa hivi twende tukamtoe baba wa watu."

Tulifika pale tunahema. Banda limezungushiwa utepe. Mume wangu amekalishwa kwenye tairi, pingu mkononi, vumbi usoni. Rubani amesimama pembeni, miwani imevunjika, anatetemeka. Sikutegemea kwamba mwanamke yule anaweza kutetemeka.

Kamanda akachukua kisu, akachana mfuko wa kwanza mbele yetu sote.

Mchanga.

Wa pili... mchanga.

Wa tatu... mchanga mtupu!

"Hii ni nini?" Kamanda akauliza.

"Ni uzito, afande," mume wangu akajibu. "Ndege ya viti vinne hubebi mtu kwa kukisia. Kilo zikikaa vibaya nyuma, inakataa kunyanyuka, au inanyanyuka ikaleta balaa. Kabla ya kumpandisha mtu wangu, nilitaka Rubani aruke na mchanga wenye uzito wake, akae pale pale atakapokaa. Tumejaribu mara tatu."

"Mtu gani huyo?" Kamanda akainua kile kijidaftari alichokitoa kwenye ovaroli ya Fundi. "Malkia ni nani?"

Mume wangu akainamisha kichwa. Halafu akanyoosha kidole, mikono ikiwa kwenye pingu.

Kwangu.

"Ni mke wangu, afande. Huyo hapo mwenye ndala moja."

Macho yote yakanigeukia.

"Mama yake yuko mbali, safari ya basi siku mbili," akaendelea. "Tangu mke wangu afanyiwe upasuaji wa mgongo hawezi kukaa kwenye basi hata saa tatu. Miaka minne hajamwona mzazi wake, na macho ya mama sasa yanafifia. Kwa ndege hii ni saa moja na nusu. Nilimwomba Rubani, akakubali. Safari ilikuwa iwe Jumamosi hii. Nilitaka afungue macho amkute mama yake mbele yake."

Wasomaji, mnajua mdomo wangu ulisema nini mbele ya bunduki sita?

"Mimi si kilo themanini na sita! Mimi ni sabini na mbili!"

Kamanda akageuka. Kulikuwa na mizani ya mizigo pale ukutani.

"Mama, panda."

"Afande..."

"Panda, tumalize kesi."

Nikapanda. Askari akainama kusoma.

"Themanini na saba, mkuu."

"Umeongezeka moja," mume wangu akasema kwa sauti ndogo, na macho yake yalikuwa na machozi. "Mimi nilisoma kwenye kadi yako ya kliniki. Wewe huniambii ukweli, na kwenye ndege ndogo siwezi kukubebea kilo kumi na tano za uongo."

Taarifa ya Habari akageukia ukuta, mabega yanamcheza kwa kicheko.

Jamani! Mwanamke niliyemchukia usiku na mchana, niliyemlaani nikisuka, nikifua, nikilala... ni mimi. Nilijionea wivu mwenyewe!

Pingu zikafunguliwa. Kamanda akasema mpiga simu hakutaja jina. Lakini ndege ikafungwa kwa karatasi nyekundu, wiki tatu, hadi uchunguzi uishe. Runinga ya jioni ile ikatangaza: "Mifuko ya ajabu yakutwa kwenye ndege ndogo!" Mchanga hawakuutaja. Mtaalamu mwenye tai akasema, "Mnaona? Nilisema mimi!"

Na Jumamosi yangu ikafa hivyo.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua ila mimi na jirani, naye aliapa kufunga mdomo. Kiapo cha mdomo ule mnakijua wenyewe. Ila kesho yake sikuweza kumwangalia Fundi akipaka mafuta michubuko ya pingu. Nikamwambia yote, hadi ile "raia mwema".

Aliendelea kusugua mpaka mafuta yakakauka kiganjani.

"Kesho nitakusamehe," akasema. "Leo niache nikasirike. Lakini msamaha wa kwanza si wangu. Nenda kwa Rubani. Nenda peke yako."

Nikaenda, jua bado liko juu. Njia nzima niliwaza maneno. Na niwaambie nilichojifunza njiani, ndugu zangu: runinga ikishawapa watu wote kitu cha kuogopa, mwenye chuki yake binafsi anapata pa kuificha, akajiita raia mwema. Mimi sikuogopa ndege hata dakika moja. Niliogopa kuachwa. Ukiona wivu umekupanda, muulize mumeo, mtukane ikibidi, lakini simu iweke mbali!

Nikagonga. Akafungua mwenyewe, aproni kiunoni, mwiko mkononi, miwani imefungwa kwa plasta. Nikasema kila kitu palepale kizingitini, bila kupumzika, nisije nikaghairi.

Akanitazama.

"Ulidhani mimi na Fundi...?"

"Ndiyo, dada."

"Yule anayeniimbia habari zako kutoka tunapowasha injini hadi tunapozima? Mpaka rangi ya mlango wa saluni yako naijua!"

Nikainama. Machozi yakadondoka kwenye mkeka wake.

"Nilikuwa napeleka dawa kwenye zahanati mbili," akaendelea, sauti imepanda. "Wiki tatu! Wewe unajua wiki tatu kwa mgonjwa? Na mimi nililazwa kwenye lami kama gunia! Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kicheko!"

"Nitukane, dada. Ni haki yako."

"Nitakutukana, usiwe na haraka."

Akafuta mwiko kwenye aproni, akausogeza mlango kwa kiwiko hadi ukagota ukutani. Ndani meza ilikuwa na sahani moja. Akafungua kabati, akatoa ya pili.

"Vua viatu, ingia ule. Ninayo mengi ya kukuambia, na chakula kinapoa."