Mti wa Arobaini

Asubuhi ile ilianza kama asubuhi nyingine yoyote. Chai ilichemka kwenye sufuria kubwa, viatu vya mpira vikapangwa mlangoni mwa banda la wageni, na wanafunzi kumi na sita wakagombania chupa moja ya dawa ya mbu. Mwalimu wao wa biolojia alisimama kizingitini na daftari mkononi, penseli mbili zilizochongwa zikiwa zimechomekwa nyweleni. Walikuwa wamesafiri siku mbili kuja kujifunza jinsi msitu wa mvua unavyoishi, na jinsi watu waliozaliwa ndani yake wanavyoishi nao. Akaongoza sala kwa sauti iliyonyooka, wote wakaitikia amina. Midomo yake ilisali. Moyo wake ulikaa nje kama mgeni asiyekaribishwa.

Miezi kumi na mitatu ilikuwa imepita tangu amzike binti yake wa pekee. Homa ilimchukua kati ya saa nne na adhuhuri, mama mtu akiwa shuleni anasahihisha mitihani. Hakulia makaburini, wala hakulia nyumbani. Waumini wenzake walimsifu kwa imani kubwa, naye hakuwa na nguvu ya kuwaeleza kwamba alichokuwa nacho ni ganzi, kama ganzi ya mguu uliokaliwa muda mrefu, ila hii ilishika kifua na haikuachia. Mwenyezi Mungu humjua aliyetulia na aliyezimika. Sisi wanadamu huwapongeza wote wawili.

Kitu alichokiamini bado ni vipimo. Alipima nafasi kati ya madawati, pindo za sketi, hata unene wa chaki, mpaka wanafunzi wakamwita Mama Rula, tena mbele yake. Na mtu aliyembakia nyumbani alikuwa mtoto wa mdogo wake, binti wa miaka kumi na mitano aliyeishi naye na kusoma darasani mwake. Huyo walimwita Redio, kwa kuwa tangu alfajiri hadi usingizi hakunyamaza. Siku ya safari mdogo wake alikuja kuwaaga, akamshika mkono dadake, akamwambia, "Dada, sina mwingine. Nirudishie alivyo."

"Nitamrudisha," alijibu. Neno la ahadi, ndugu msomaji, halina uzito mdomoni. Uzito wake huja baadaye.

Mwongozaji wao alikuwa mwanamke wa msituni, wa rika la Mwalimu, mwenye mabuti mekundu na ulimi mwepesi. Alijua mdudu yupi hula jani lipi, na ndege yupi hupanda mbegu ipi bila kujua kwamba anapanda. Siku ya kwanza aliwakusanya wote.

"Jamani, mtashika, mtanusa, mtachora, sitawazuia. Ila mti wenye mstari wa chokaa, huo ni wa mtu. Kwetu mtoto akizaliwa hupewa mti wake. Kamba haizungushwi kwenye mti huo mpaka siku mwenyewe akifa, ili tujue kama gome lake litatosha kumfunika kaburini. Mmenisikia?"

"Tumesikia!"

"Na wewe Redio, umesikia au ulikuwa hewani?"

"Nimesikia, Mama. Mimi nasikia hata nikiwa natangaza."

Wakacheka. Mwalimu aliiandika kanuni ile daftarini, akaipigia mstari. Tuseme ukweli mbele za Mungu: hakukosa kwa kutokujua. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe.

Kazi ya asubuhi ile, siku ya tatu, ilikuwa kupima miti. Walizungushia kamba kipande cha mita ishirini kwa ishirini, wakapima kwa utepe mzingo wa kila mti kwenye usawa wa kifua, wakaupa namba. Mpango wa Mwalimu ulitaka miti arobaini. Kipande kilikuwa na thelathini na tisa. Wa arobaini ulisimama pembeni, mwembamba, umenyooka, na juu ya gome lake palikuwa na mstari wa chokaa uliokwisha kufifia.

Mwongozaji alikuwa ameshuka mtoni na wanafunzi wengine kuwaonyesha vyura. Redio peke yake ndiye aliyebaki kumsaidia.

"Mama Mkubwa, huo una chokaa."

"Naona."

"Si tulikatazwa?"

"Simgongi mtu msumari. Ni utepe tu, dakika moja. Shika sifuri."

Redio akashika mwanzo wa utepe, penye sifuri, akaubana kwenye gome kwa kidole gumba. Mwalimu akauzunguka mti. Sentimita sitini na moja. Akaandika. Alipoukunja utepe, ulikuwa na joto, kama nguo iliyovuliwa sasa hivi mwilini.

Njia nzima ya kurudi bandani, Redio hakusema neno.

Wakati wa chakula cha mchana alikaa mbele ya sahani iliyojaa, mkono umelala shingoni. Wenzake walimtania kwamba betri zimekwisha. Hakutabasamu.

"Una nini?" Mwalimu alimwuliza.

"Pumzi haishuki, Mama Mkubwa. Inafika hapa, inarudi."

Blauzi ilimpwaya. Mwalimu ndiye aliyeishona wiki mbili kabla ya safari. Alijua kifua cha mtoto huyu ni sentimita themanini kamili. Akatoa utepe. Sabini na sita.

Mtu mwingine angeita jina la Bwana. Yeye alifanya kitu alichokijua. Alirudi msituni peke yake, jua likiwa bado juu, akauzungushia mti utepe, mwanzo wake ukiwa palepale alipoushikilia binti. Sitini na tano. Alijumlisha pembeni mwa ukurasa. Sitini na moja na themanini, mia moja arobaini na moja. Sitini na tano na sabini na sita, mia moja arobaini na moja.

Ncha ya penseli ilikatika. Moyo wake ulipaswa kwenda mbio, nao haukwenda. Akachomoa penseli ya pili.

Gari lilikuwa limekwenda mjini kuchukua mafuta, lingerudi kesho yake jioni. Alimpa binti dawa ya kifua, akamlaza kwa mito mitatu, akamsomea zaburi bila kuisikia. Kulipokucha Redio alikuwa hawezi kusema maneno mawili mfululizo. Mwalimu alipima tena, maana hakujua namna nyingine ya kupenda. Sabini na moja.

Akakimbilia kwenye mti. Sabini.

Aliweka kiganja juu ya gome. Gome lilipanda. Likashuka. Likapanda.

"Umepima mara ngapi?"

Sauti ilitoka nyuma yake, chini sana. Mwongozaji alikuwa amesimama pale, utani wote umemtoka usoni.

"Mara tatu."

"Kila ukipima, unampa."

"Nampa nini?"

"Nafasi ya kupumua. Ya mwenzake."

Mwalimu alipiga magoti kwenye majani mabichi. "Nimekosa. Uliniambia, nikaandika, nikakosa. Niambie mti huu ni wa nani, nikamwangukie miguuni."

Mwongozaji alivua mabuti yake mekundu, moja baada ya jingine, akayaweka kando. Akasogea pekupeku.

"Wa mwanangu. Wa kwanza. Alizaliwa asubuhi, adhuhuri hakuwepo. Waliniletea kamba niuzungushie mti wake, nikakataa. Nikasema, nitampimaje mtoto ambaye sijamshika?"

"Hukumshika?"

"Waliponiletea niligeukia ukutani." Alinong'ona kana kwamba mti unasikiliza. "Niliogopa nitamzoea. Miaka kumi na mitano, Mwalimu, anangoja mtu amzunguke. Wewe ukamzunguka. Kwa utepe. Na aliyeshika mwanzo ni mtoto wa watu."

"Tuukate."

"Ukikatika, na yule kitandani anakatika."

"Sasa tufanyeje, dada yangu? Nimeahidi kumrudisha."

"Azungukwe kwa mikono, bila namba. Nimejaribu mimi. Mwaka huu peke yake nimejaribu mara nyingi. Mikono yangu haifiki."

Akamwonyesha. Akaukumbatia mti. Mti ulikuwa mwembamba na mikono yake ilikuwa mirefu, lakini vidole havikukutana. Pengo la shubiri moja lilibaki, na kila alipolivuta, lilibaki.

Kuna toba ya mdomo, na kuna toba ambayo mtu huingia nayo mzimamzima. Mwalimu aliweka utepe chini. Akaweka daftari juu yake. Akatoa penseli nyweleni, ili asiwe na chochote cha kuandikia. Akakunja mikono ya blauzi yake, akaukumbatia mti.

Vidole vilikutana.

Gome lilikuwa la moto. Kifua kilikuwa mbele ya kifua chake. Kidogo. Kilipumua haraka haraka, kama wapumuavyo wachanga. Alitaka kuhesabu pumzi zile. Kila kitu ndani yake kilitaka kuhesabu.

Hakuhesabu.

Akasikia kitu kinapita. Hakikuuma. Kiliingia chini ya mbavu zake za kushoto, polepole, kama mtoto anayejipenyeza kitandani mwa mama yake. Kikajikunja. Kikatulia.

Gome likapoa. Halikupanda tena.

"Amekubali?" mwongozaji aliuliza, uso wote umelowa machozi.

"Amelala," Mwalimu alijibu. Macho yake yeye yalikuwa makavu.

Hapo ikasikika sauti kutoka bandani, kali, yenye pumzi tele: "Nani kanywa chai yangu? Nauliza, nani? Mtu akiumwa kidogo tu mnamrithi!"

Walisafiri kesho yake. Redio alitangaza njia nzima, mpaka dereva akaomba atulizwe. Mdogo mtu aliwapokea mlangoni, akamgeuza binti yake mbele na nyuma, akasema, "Kweli umenirudishia alivyo, Dada, hata kelele hazijapungua." Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Alijua hapa panastahili shukrani, akamshukuru Mungu kwa maneno kamili, kama mtu anayelipia kitu asichokiona.

Baada ya wiki sita shule iliwapeleka walimu wote hospitali kupimwa afya. Chumba cha eksirei kilikuwa na baridi, na mpiga picha wake alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aliyepiga mluzi kati ya mgonjwa na mgonjwa.

"Haya, Mwalimu. Vuta pumzi. Shikilia. Usiwe kama wanafunzi wako, tulia."

Aliiweka filamu kwenye taa. Mluzi ukakatika.

"Ulivaa kitu? Mkufu?"

"Sikuvaa."

Chini ya mbavu za kushoto palikuwa na maduara, moja ndani ya jingine, membamba, safi. Mpiga picha aliyahesabu kwa ncha ya kalamu. Tisa.

"Mashine hii nayo imezeeka. Turudie."

Wakarudia. Aliyagusa tena kwa kalamu, midomo ikicheza. Kumi.

Alifuta kioo. Akafuta miwani yake. "Turudie ya tatu?"

"Hapana, kaka. Inatosha. Nipe hiyo niende nayo."

Alimpa ndani ya bahasha, akaandika juu yake kwamba filamu ina kasoro. Hakupiga mluzi tena Mwalimu alipokuwa akitoka.

Nyumbani aliiacha mezani, akaenda kunawa uso. Aliporudi, Redio alikuwa dirishani, anasimulia habari za jirani aliyegombana na fundi bomba, huku ameinua filamu kwenye mwanga.

"Mama Mkubwa, hiki ni nini? Kama shina lililokatwa. Angalia, moja, mbili, tatu..."

"Usihesabu."

"Kwa nini? Nne, tano..."

"Nimesema usihesabu!"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa zaidi ya mwaka mzima sauti yake kupanda. Binti aliacha kuhesabu. Lakini macho yalikuwa yametangulia.

"Basi," akasema kwa upole. "Ni kumi na moja tu."

Mwalimu aliipokea filamu. Ilikuwa imelowa ukingoni, na ule unyevu ulinata vidoleni. Aliuleta puani. Utomvu, mbichi, kama umetoka mtini saa ile.

Chini ya mbavu, kitu kiligeuka upande wa pili, kivivu. Alisimama akingoja kuona kama ataogopa. Hofu haikuja. Akavuta kiti, akakaa taratibu sana, mkono ubavuni, akamwashiria Redio, aliyekwisha kurudia habari za fundi bomba, kwa kidole mdomoni apunguze sauti kidogo.