Maandishi Mekundu ya Estelle

Kila alipotoka shule, Estelle alipitia kituo cha afya cha mtaa wao, mjini Kasongo, vumbi la pikipiki likiwa limemkaa mpaka kwenye nyusi. Alimwamkia Mama Victoire, muuguzi mkuu, kisha akaketi mbele ya kompyuta ndogo iliyowekwa kando ya friji ya chanjo. Programu iliyokuwa ikilinda friji hiyo aliiandika yeye mwenyewe, akiwa na miaka kumi na mitatu, akisaidiwa na Mwalimu Gaston.

Programu ilikuwa na nyuzi tatu. Kwa watu wa kompyuta, uzi ni kazi moja inayokwenda sambamba na nyingine, kama wanawake watatu wanaotwanga sombe, majani ya muhogo, katika kinu kimoja. Uzi wa kwanza ulipima joto, wa pili uliliandika kwenye skrini, wa tatu ulipiga kengele joto likipita digrii nane. Ila kwenye kinu, mwanamke mmoja akiacha kutwanga, sikio linajua papo hapo. Uzi wa kompyuta ukifa, zile nyingine zinaendelea tu kana kwamba hakuna kitu.

Kwa bahati, lugha ya kompyuta waliyoandikia programu ilikuwa na desturi yake: uzi ukifa, maandishi mekundu ya kutaja kosa yalitokea kwenye skrini bila kuombwa. Estelle aliyachukia hayo maandishi. Siku ya kuwaonyesha wazazi kazi yake, yalitokea katikati ya maelezo, na Glody wa darasa lao akapaza sauti, "Oneni, mashine ya Estelle inatoka damu!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kesho yake Estelle aliongeza mstari mmoja wa kuyanyamazisha. Skrini ikawa safi, naye akatulia.

Jumanne moja alimkuta Mama Victoire ameshika karatasi ya kuandikia joto la friji, uso umekunjamana. Mbele yake alisimama Papa Musafiri, mzee aliyesoma kipimajoto cha friji asubuhi na jioni kwa miaka mingi.

"Papa, jana umeandika saba. Leo saba na nusu. Mashine inasema tano tangu asubuhi! Macho yako yamechoka. Kuanzia kesho tunaacha karatasi, tunafuata mashine."

"Macho yangu iko mazima, mama," alijibu Papa Musafiri. "Hiyo tano ndiyo inanishangaza. Hata mutu muzima, joto lake linapanda na kushuka."

Estelle aliitazama skrini. Tano. Akangoja. Tano.

"Papa, mliigusa hii friji?"

"Tuliisogeza Jumapili, tufagie nyuma."

Estelle akainama nyuma ya friji. Waya wa kupimia joto, uliotoka kwenye friji hadi kwenye kompyuta, ulikuwa umechomoka, unaning'inia. Basi uzi wa kwanza, kwa kukosa cha kupima, ulikufa tangu Jumapili! Wa pili ulirudia namba ya mwisho, na wa tatu uliilinganisha tano ileile na nane, ukaona mambo ni mazuri; hata chanjo zingeharibika, kengele isingelia. Alhamisi akina mama wangeleta watoto wao kuchanjwa, wengine kutoka mbali huko njia ya Kabambare.

Angeweza kuurudisha waya kimyakimya. Nani angejua? Lakini Papa Musafiri alikuwa tayari anakunja karatasi yake.

"Mama Victoire," alisema Estelle, "papa anasema kweli. Kosa ni langu. Mashine ilitaka kutuambia, mimi niliifunga mdomo ili watu wasinicheke."

Mama Victoire alifungua friji, akasoma kipimajoto mwenyewe. Saba na nusu. Papa Musafiri akapapasa mlango: haukuwa ukifunga vizuri, kwa kuwa friji ilirudishwa mahali palipoinama. Wakaisukuma pamoja, mlango ukafunga, na kufikia alasiri joto lilikuwa limeshuka hadi tano, tano ya kweli. Kwenye karatasi ya papa halikuwa limefika nane hata mara moja; chanjo zilikuwa salama.

"Unisamehe, papa," alisema Mama Victoire. "Karatasi inaendelea, na mwenye kuiandika ni wewe."

Mwalimu Gaston alipofika na baiskeli yake, alisikiliza yote bila kugomba. "Futa ule mstari," alisema. Estelle akafuta, akachomeka waya na kuiwasha programu upya. Mwalimu akachomoa waya makusudi. Mara skrini ikajaa maandishi mekundu, na muuguzi na mzee wakasogea kuyatazama.

"Sasa tumejua sote," alisema mwalimu, akirudisha waya. "Waliotengeneza lugha hii waliona mbali. Hawakutaka kosa lingoje mutu wa kuliuliza. Walitaka lijitangaze lenyewe, maana likionekana mapema hutengenezeka mapema. Ndivyo ilivyo kwetu pia, mwanangu. Aibu ya kuchekwa inapita siku moja. Kosa lililofichwa lingewafikia watoto wa watu Alhamisi. Ulilinyamazisha, ni kweli. Lakini leo ulipopata nafasi ya kunyamaza tena, ulisema."