Mwidani Alivyopanda Meli na Fahari Yake

Wazazi wenzangu wa Likoni, na nyinyi wa ng'ambo, wa Magongo na Kisauni, sogeeni niwape habari ya nyumba moja ya hapa petu. Msidhani nasengenya. Wenyewe wameniruhusu, na mwenye nyumba huicheka habari hii kuliko mimi.

Mwaka ulikuwa 1987, mwezi wa Agosti, alasiri jua limepoa. Mwanasaumu alikuwa ameketi uani kwake Vyemani, mguu mmoja ameunyoosha mkekani, na mwanawe Matano yu kifuani ananyonya. Matano alikuwa na miezi saba, kanenepa hata mikono inafanya pingili. Kila baada ya mafunda mawili matatu aliachia ziwa ili amchekee dadake Dhahabu, msichana wa miaka mitatu, aliyekuwa akipika wali wa mchanga kwenye kifuu. Mwanasaumu aliwatazama wote wawili, na siku hiyo hakuwa na jambo la kumwomba Mungu zaidi ya hapo.

Mara mumewe Mwidani akaingia mbio, sare ya kazi bado mwilini. Mwidani alikuwa mpokea wageni katika hoteli moja ya Shanzu. Kazi yake ilikuwa kuwapa watalii funguo na kutabasamu hata kama jino linamuuma.

"Mama Dhahabu! Nimechaguliwa mfanyakazi bora wa mwaka! Na zawadi yenyewe ni safari ya meli, mimi nawe na watoto. Siku tano! Lamu, Unguja, kisha kwetu. Kula humo, kulala humo!"

"Wallahi?"

"Wallahi. Tiketi hizi hapa."

Mwanasaumu akacheka kwa furaha, akamwinua Matano juu kumwonyesha tiketi. Hapo ndipo Mwidani alipoliona ziwa la mkewe liko wazi, na uso wake ukabadilika.

"Lakini huko kunyonyesha tukukomeshe kabla hatujaondoka."

"Kukomeshwe kwa nini? Mtoto ana miezi saba!"

"Huwajui watu wa melini wewe. Mimi nimewapokea miaka sita. Watoto wao hunywa chupa, wamevaa kofia, wamekaa kwenye vigari vyao. Sitaki mke wangu atoe ziwa mbele za watu, tuonekane tumeokotwa porini."

Nataka mmwelewe Mwidani, maana hakuwa mtu mbaya. Watoto aliwapenda. Ila miaka sita alikuwa akiwafungulia watu mlango, na roho yake ilitamani siku moja afunguliwe yeye. Akadhani hatafunguliwa mpaka afanane nao. Wahenga walisema, mwiga tembo kunya hupasuka msamba. Methali ina uchafu kidogo, mnisamehe, lakini sikuitunga mimi.

Mwanasaumu alijaribu kumkanya. Alimtajia Nesi Achieng wa kliniki, aliyekuwa akiwaambia akina mama kila siku ya kupima watoto kwamba chupa ni mlango wa kuhara.

"Huyo nesi wako amepanda meli lini?" Mwidani akauliza.

Mwanasaumu akanyamaza. Kosa lake lilikuwa hilo la kunyamaza, na mwenyewe hakatai. Kesho yake akasaga shubiri, akajipaka. Matano akaja na kinywa chake wazi kama kawaida, akaonja ule uchungu, akarudi nyuma, akamwangalia mamake kama anayeuliza nimekukosea nini. Siku tatu akalia. Mwanasaumu naye, maziwa yakimjaa na kumuuma, akawa anayakamua na kuyamwaga karoni huku machozi yakimtoka. Mwidani akanunua kopo la maziwa ya unga na chupa nne. Nyumbani Mwanasaumu alizichemsha kwenye sufuria kila mara, kwa hiyo mtoto hakudhurika, na Mwidani akapata la kusema: "Si nilikwambia?"

Siku ya siku ikafika. Jamaa walivuka feri hadi bandarini kuwasindikiza, na Mwidani alikuwa amevaa suti ya kuazima iliyombana makwapani. Dhahabu aliitazama ile meli nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa, akauliza, "Baba, nyumba hii inaelea na choo chake?" Watu wakacheka, isipokuwa babake.

Melini kulikuwa kuzuri, sitawadanganya. Chumba kina mashuka meupe na bomba la maji, chakula ni cha kuchagua. Siku ya kwanza walipopanda juu kupunga upepo, waliketi karibu na mama mmoja wa Kizungu mwenye mtoto mchanga. Yule mtoto akalia. Mamake akafungua vifungo vya blauzi, akamnyonyesha pale pale kitini, jua likiwaka, watu wakipita.

Mwanasaumu akamgeukia mumewe. Mwidani alikuwa amejifunika uso kwa gazeti.

"Baba Dhahabu, umeona?"

"Wale wanaruhusiwa," Mwidani akajibu nyuma ya gazeti.

Nani aliyewaruhusu, na sisi tumekatazwa na nani, hakusema.

Shida ikawa ni chupa. Chumbani hakukuwa na jiko wala sufuria. Mwanasaumu alitaka kwenda jikoni kuomba maji ya moto, Mwidani akakataa katakata. "Tutaonekana washamba! Maji si hayo bombani?" Basi chupa zikawa zinasuuzwa kwa maji ya bomba, na maziwa yanakorogwa kwa maji hayo hayo. Walipotoka Lamu, meli ikaanza kushuka kwenda Unguja, mwendo wa siku nzima na zaidi. Kulipokucha Matano alikuwa anaharisha maji matupu, na kila anachopewa anakitapika.

"Bahari hiyo," Mwidani akasema. "Atazoea."

Kufikia saa tatu alikuwa amebadilishwa nepi mara saba. Mwidani akaenda kwa mhudumu wa meli kutafuta msaada. Akaambiwa daktari alikuwa ameugua, akaachwa Mombasa, na vidonge vilivyopo ni vya kichefuchefu, tena vya watu wazima. Daktari wa karibu alikuwa Unguja, na Unguja watafika kesho asubuhi. Akarudi kumweleza mkewe, kisha akasema, "Basi tusimpe kitu. Mtoto akiharisha hanyweshwi, ukimnywesha unamzidishia. Acha tumbo likauke." Akaenda zake kunywa chai.

Mwanasaumu akabaki na mtoto mapajani. Matano alikuwa akilia, lakini machozi hayatoki. Akampapasa utosini, umebonyea. Macho yameingia ndani, na mkojo hakuna tangu usiku. Akaifinya kidogo ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama kama kitambaa. Alama hizo alizijua. Nesi Achieng alikuwa amezionyesha kwenye picha ukutani, na akina mama wakazitaja kwa sauti moja mpaka zikawaganda kichwani. Akajua kwamba mwanawe anakauka, na kwamba mpaka kesho asubuhi hatafika.

Akavua gauni jipya lililombana, akavaa lake la nyumbani. Akamfunga Matano kifuani kwa leso, akamshika Dhahabu mkono, akatoka bila viatu.

Ukumbi wa chakula ulikuwa umejaa. Mwidani aliketi na mfanyabiashara mmoja wa Nairobi na mkewe, akiwasimulia habari za hoteli. Mwanasaumu akaenda moja kwa moja hadi mezani pao, akachukua bakuli la sukari. Akanyoosha mkono meza ya pili, akachukua chumvi. Watu wakaacha kutafuna.

"Mama Dhahabu, nini hivi?" Mwidani akanong'ona. "Watu wanatutazama!"

"Na watazame. Wakishanitazama mimi, wamtazame na mwanao."

Akaifungua leso. Mwidani akauona uso wa Matano kwenye mwanga wa dirisha, umekuwa mdogo, midomo imekauka. Akakiweka kikombe chini.

"Lakini akinyweshwa atazidi," akasema. "Mama alitulea sote hivyo."

"Mama alizaa wangapi?"

"Tisa."

"Na leo mko wangapi, Baba Dhahabu?"

Walikuwa watano. Wale wanne walizikwa Mwidani akiwa mdogo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba walikufa kwa kiu.

Kwenye mlango wa jiko alikuwa amesimama mpishi mmoja, mama wa Kigiriama wa Chaani, jina lake Kafedha. Mwanasaumu akamwita, "Dada, n'nataka maji yaliyochemshwa, lita moja kamili, na kijiko kidogo cha chai. Tafadhali mamangu."

"Yapo, dada. Nimeyachemsha alfajiri, yamepoa," Kafedha akajibu, na kabla neno halijaisha alikuwa amekwisha rudi na jagi.

Basi pale pale, juu ya kitambaa cheupe, Mwanasaumu akapima. Vijiko sita vya sukari, kila kimoja amekisawazisha kwa kidole. Nusu kijiko cha chumvi, nacho akakisawazisha. Akakoroga, akaonja. Nesi alikuwa amewaambia maji hayo yasizidi machozi kwa chumvi. Hayakuzidi. Akaanza kumpa Matano kijiko kimoja kimoja.

Matano akatapika yote.

"Unaona?" Mwidani akasema, na safari hii hakusema kwa ubishi, alisema kwa hofu.

"Naona. Tungoje dakika kumi, tuanze tena, polepole zaidi."

Wakaanza tena. Kijiko, wakangoja. Kijiko, wakangoja. Dhahabu alikuwa amepakatwa na Kafedha, akihesabu kwa namna yake, moja, mbili, tano. Mkono wa Mwanasaumu ulipochoka, Mwidani akakichukua kijiko bila kuambiwa. Koti la suti akalivua, akalitupa kitini.

Nusu saa baadaye Mwanasaumu akanawa kifua kwa maji ya Kafedha, akaketi wima, akatoa ziwa mbele ya meli nzima. Jamani, Matano akageuza uso! Aliikumbuka shubiri. Mwanasaumu akalia hapo, akalia kweli, akimwambia, "Nisamehe baba, halina uchungu tena, onja tu." Yule mama wa Kizungu akainuka na mto, akauweka chini ya kiwiko chake bila kusema neno. Mwanasaumu akakamua tone moja kwenye mdomo wa mtoto. Matano akalamba. Akafikiri kidogo. Kisha akalishika ziwa kwa mikono yote miwili. Maziwa hayakuwa mengi baada ya siku kumi na mbili za kuachishwa, lakini yalikuja, na kila alivyonyonya yakazidi kuja.

Mchana kutwa ukawa hivyo, kijiko na ziwa, ziwa na kijiko. Kila alipoharisha walimwongezea. Wenye kula wakala, wakaondoka, wengine wakabaki kuangalia. Ilipofika alasiri Mwidani alikuwa amempakata Matano ili mkewe apate kula. Ghafla akahisi joto tumboni. Akatazama chini. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa mpaka kwenye mshipi.

Mtu huyu, aliyeona haya ya ziwa la mkewe, akaruka juu akapiga kelele zilizofika kwa nahodha: "Amekojoa! Jamani, mwanangu amekojoa!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kafedha akapiga kigelegele. Mfanyabiashara wa Nairobi akampa Mwidani mkono, na mkono wenyewe ulikuwa umelowa, lakini hakuna aliyejali. Mwanasaumu alicheka mpaka chakula kikampalia, maana machozi ya Matano nayo yalikuwa yamerudi, yanamtiririka mashavuni kwa kushtushwa na kelele za babake.

Asubuhi Unguja, daktari alimpima mtoto, akauliza ni nani aliyemtibu. Mwidani akamsukuma mkewe mbele. "Huyu hapa."

"Mngengoja mfike kwangu bila kumnywesha," daktari akasema, "mngeniletea maiti." Akawapa pakiti za chumvichumvi za kuendelea nazo. Chupa nne zilibaki Unguja, kwenye pipa la taka.

Siku mbili zilizobaki, Mwanasaumu alistarehe kama bibi harusi. Aliketi juu kwenye kiti cha jua, leso begani, Matano kifuani, na mumewe ndiye aliyekwenda jikoni kuomba maji ya kunywa ya Dhahabu. Walipopita abiria, Mwidani aliwaambia bila kuulizwa, "Huyu ndiye mke wangu." Baada ya kurudi, Nesi Achieng alimwalika Mwidani kliniki. Akasimama mwanamume mmoja kati ya wanawake arobaini, akapima sukari na chumvi mbele yao, mkono haumtetemeki. Matano leo yuko darasa la nne, na mbio hakamatiki.

MAFUNZO

Wazazi, anayetaka kusafiri na mtoto mchanga, kwa meli au kwa gari, na asafiri. Raha si haramu. Lakini safari ipangwe kwa haja ya mtoto, isipangwe kwa macho ya watu. Usimwachishe ziwa kabla ya wakati wake kwa sababu ya fahari. Uliza mapema kama daktari yuko, na maji ya kuchemsha utayapata wapi. Mtoto akiharisha mnywesheni: maji safi lita moja, sukari vijiko vya chai sita sawasawa, chumvi nusu kijiko sawasawa, na ziwa lisikatwe. Kisha mfikisheni kwa daktari upesi. Nanyi akina mama, mnalolijua lisemeni mapema, kabla halijahitaji kusemwa kwa machozi.

Sisi wakubwa ndio wenye haya na fahari. Mtoto mchanga hana habari nazo. Yeye anajua kiu.