Mwizi Aliyevua Viatu

Ukutani palibaki ndoano tupu. Picha ya kuviringisha iitwayo "Pilipili Juu ya Paa" ilikuwa imetoweka mchana kweupe, Alhamisi, vuli ikiwa imepamba moto na nusu ya Seoul iko barabarani kutazama majani yakigeuka njano.

Inspekta Tak Mi-ran alikuwa likizoni. Kila vuli alijipa siku moja, akavaa viatu laini na kutembea taratibu kutoka makumbusho haya hadi yale, bila simu. Mwaka huu alibeba simu, na sasa alijuta. Alikuwa njiani kuja hapa hapa Songwol, makumbusho yaliyo katika nyumba ya kale ya mbao, kustarehesha macho, kituo kilipompigia aje kama askari.

Alivua viatu mlangoni, akapanda sakafuni.

"Ni uzembe wa mlinzi," alisema Mkurugenzi Noh kabla hajaulizwa. "Nimeshamwambia arudishe kitambulisho. Picha ya mchoraji Ha Mun-seok, afande! Watu wanasafiri kuja kuiona, yeye anaenda kula!"

"Kamera?"

"Zimezimwa wiki hii. Paa linakarabatiwa."

"Nani alijua hilo?"

"Mimi, mlinzi, na Fundi Kwak, yule mzee anayebandika picha kwenye kitambaa cha hariri. Alikuja Jumatatu kuitundika upya."

Mlinzi, Bi Bang Sun-ye, alikuwa jikoni. Bakuli lake la wali na kimchi, kabichi iliyochachushwa, lilikuwa limeliwa nusu. Alikuwa mjane wa miaka sitini na moja, na mshahara huu ndio uliomweka mjini.

"Uliondoka chumbani saa ngapi, mama?"

"Saa sita na dakika tano. Wageni wote walishatoka. Nikafuta rafu ya viatu, ndipo nikaja kula."

"Hukusikia mtu?"

"Soksi zina kelele gani, afande?"

"Ukarudi lini?"

"Saa saba kasoro ishirini. Ndoano tupu! Nikatoka mbio kama kichaa." Alifuta macho kwa kiganja. "Nani ataniajiri na uzee huu? Mwingine kaiba, mimi ndiye nafukuzwa."

Tak, akifuatwa na Bi Bang, alirudi mlangoni, akachuchumaa mbele ya rafu. Tundu la chini kushoto lilikuwa na doa la njano. Alinusa, akakunja uso. Lilinuka kama matapishi.

"Rafu ulishaifuta, kwa hiyo doa ni jipya. Mwizi wetu alivua viatu," alisema.

"Mwizi gani huyo wa adabu?" Bi Bang aliguna.

"Mtu ambaye hajawahi kukanyaga sakafu hii na viatu maishani mwake. Hata akija kuiba, miguu inakataa. Na hili ni tunda la ginko lililopondwa. Miti ya ginko inayozaa iko wapi hapa karibu?"

"Haipo. Watu walilalamikia harufu, yote inayozaa ikang'olewa. Imebaki kwenye uchochoro wa mafundi tu. Wale wazee walikataa katakata."

Tak alikwangua doa, akalitia kwenye mfuko wa ushahidi, akatoka kwa miguu. Miti ya ginko ya barabara kuu, isiyozaa, ilikuwa njano tupu, safi, bila tunda hata moja. Akapita makumbusho mawili aliyokusudia kuyaona leo. Hakuingia.

Uchochoroni harufu ilimpokea. Mlango wa Kwak Deuk-su ulikuwa wazi. Jozi ya viatu vyeusi ilipangwa vizuri kizingitini, soli zina madoa ya njano.

"Ingia, afande," sauti ya mzee ilisema. "Chai ipo."

Picha ilikuwa mezani, imekunjuliwa. Hakuificha hata kidogo.

"Uliichukua wewe, fundi?"

"Nani mwingine? Alama zangu za vidole zimo humo miaka arobaini."

"Unajua kwamba Bi Bang amefukuzwa kazi?"

Mzee aliweka brashi chini. "Bang? Kafanya nini?"

"Alikwenda kula. Noh anasema ni uzembe wake."

"Tena," mzee alisema, akakaa. "Tena mwanamke anaumia kwa kosa langu. Andika, afande. Leo sinyamazi."

"Nakusikiliza."

"Picha hii hakuichora Ha. Aliichora Eom Jeong-ok, msichana aliyekuwa akimsagia wino. Jina lake lilikuwa ukingoni, hapa. Ha akaniletea niitie hariri. Akasema, 'Kata huo ukingo, nitapiga muhuri wangu.' Nilikuwa na miaka ishirini na sita, yeye ndiye aliyenipa kazi. Nikakata."

"Na yeye Eom?"

"Angemwambia nani? Aliacha kuchora, akafundisha watoto. Lakini kila vuli alikuja Songwol, akavua viatu vyake vya kahawia, akaitazama robo saa. Siku moja tulikutana pale. Akaniambia, 'Umeitundika vizuri, fundi.' Basi, hivyo tu! Ukingo nilikuwa nao kwenye droo hii, na ulimi ukanikwama."

"Kwa nini leo?"

"Vuli hii sikuviona viatu vyake kwenye rafu. Nikaulizia. Alifariki mwezi wa nane. Nilimweleza Noh haya yote Jumatatu. Akacheka, akasema akili yangu imezeeka."

Noh hakuwa amegusia hilo.

Tak aliinama juu ya meza. Pembeni mwa pilipili nyekundu kiliunganishwa kipande chembamba cha karatasi, gundi bado mbichi. Herufi tatu za Kikorea, jina la Eom Jeong-ok. Alikuwa ameitazama picha hii vuli kumi na moja, akisoma jina la Ha na kumsifu. Pengine mwaka mmoja alisimama bega kwa bega na mchoraji mwenyewe asijue.

Alipiga simu Songwol. "Mkurugenzi, mwizi amekiri. Mrudishie Bi Bang kitambulisho chake. Sasa hivi, nikisikia." Akamgeukia mzee. "Wizi ni wizi, fundi. Tutaondoka pamoja."

"Najua. Nimevaa soksi safi."

Tak alitoa fomu ya vielelezo. Aina: picha ya kuviringisha, moja. Jina: "Pilipili Juu ya Paa." Penye mchoraji, kalamu ilisita kidogo. Kisha akaandika Eom Jeong-ok, akamgeuzia karatasi atie sahihi.

Mzee alilisoma jina mara mbili, akaligusa kwa kidole.

"Miezi mitatu tu, afande," alisema. "Ningeiba miezi mitatu mapema, angelisoma jina lake mwenyewe."