Fa na Ti Zilizoibwa Kahororo

Ijumaa, saa mbili na robo asubuhi, Klaudia Rwegoshora alibonyeza kibao kimoja cha kinanda cha kanisa la Kilutheri, Kahororo, na kinanda hakikujibu. Akakanyaga mivukuto kwa nguvu zaidi. Upepo ulipita, sauti haikutoka.

Klaudia hakuwa mpigaji. Alikuwa mtangazaji wa redio, mzaliwa wa Nyanga, hapo hapo Bukoba, na kazi yake ilikuwa kuzungumza na wanamuziki kuhusu watunzi na jinsi ya kuzipiga kazi zao. Mwaka ule wa 1975 alikuwa amerudi Bukoba na mashine yake ya kurekodi, nzito kama mkungu wa ndizi, na tayari utepe ulikuwa unazunguka.

"Kibao gani hicho?" aliuliza Nathanieli Mushumbusi, mwalimu wa kwaya.

Klaudia aliinama. Zamani mmisionari mmoja alikuwa ameandika herufi za do, re, mi kwenye vibao vyote vyeupe ili kuwafundishia wanaoanza: d, r, m, f, s, l, t, kisha d tena, mpaka mwisho.

"Hiki chenye f."

Mwalimu Nathanieli alitikisa kichwa kwa huzuni. "Maskini Bach! Bila fa na ti huyo hawezi hata kuinuka kitandani. Wimbo wangu hauzihitaji. Babu zetu walipiga nyuzi za enanga kwa sauti tano tu, na watu wazima wakalia machozi. Mimi ni nani niwaongezee?"

Klaudia alicheka. Mzee huyu alijua kusema, na hakuna mtu mtangazaji anayempenda kuliko anayejua kusema.

"Unatungia hapa kwenye kinanda, Mwalimu?"

"Hata siku moja sijakaa hapo. Mimi natungia hiki." Akatoa mfukoni kichuma cha kupimia sauti, chenye pembe mbili, akakigonga gotini, akakisogeza sikioni. Kikalia taratibu. "Nilipewa nikiwa kijana. Nyimbo zangu zote do yake ni hii hii. Wapigaji watanitafuta huko kwenye vibao vyao."

Mambo yalikuwa hivi. Jumapili wangekuja wageni wakubwa wa kanisa, na nafasi ilikuwa ya wimbo mmoja tu wa kwaya pamoja na kinanda: ama wimbo wa Bach, ama wimbo wa Mwalimu Nathanieli. Mchungaji angeusikiliza kila mmoja Jumamosi saa kumi alasiri, kisha aamue. Na wiki iliyofuata Mwalimu alikuwa anahamishiwa Ngenge, huko Muleba, kufundisha katika kijiji kipya cha ujamaa ambacho hakikuwa na kwaya wala kinanda. Wimbo wake ulikuwa umemchukua miaka kumi na mmoja.

Saa sita mchana Sajini Burhani alifika na kufungua mgongo wa kinanda. Ndani, kila sauti ina ulimi wake mwembamba wa shaba unaotetemeshwa na upepo. Ndimi zote za f zilikuwa zimeng'olewa, na zote za t. Nyingine hazikuguswa. Kuzunguka matundu mbao zilikuwa zimechubuliwa kwa kisu.

"Nani alikifungua mara ya mwisho?" aliuliza Sajini.

"Fundi Muharami, jana," alijibu Mwalimu Nathanieli. "Nilimwona jioni akitoka na mfuko. Ulikuwa unagongana-gongana ndani." Alisema bila kusitasita, na Sajini akaandika bila kusitasita vilevile.

Muharami alikuwa Mwislamu wa mjini aliyetengeneza vinanda vya Walutheri, vya Wakatoliki, na kile cha kikundi cha taarabu. Kwenye karakana yake walikuta kopo limejaa ndimi za shaba. Kabla ya saa tisa alikuwa mahabusu, na kabla ya jua kuzama Kahororo nzima ilishamhukumu. Jumatatu angepelekwa mahakamani. Akitoka huko na jina la mwizi, hakuna kanisa ambalo lingemfungulia tena mlango, na fundi wa vinanda asiyefunguliwa mlango wa kanisa atakula nini Bukoba?

Jumamosi asubuhi Klaudia alikwenda kumwona.

"Dada, zile za kwenye kopo ni mbovu," alisema Muharami, amekasirika kuliko kuogopa. "Kila fundi anazo. Na mimi ulimi nauvuta kwa kindoano changu, hauchukui muda wa kupiga chafya. Kisu? Kisu ni cha kumenyea ndizi!"

"Anaweza kuwa ametumia kisu ili tusimdhanie," alisema Sajini Burhani kutoka mlangoni.

"Na akachukua f na t tu? Mwizi wa shaba anachagua herufi, Afande?" aliuliza Klaudia.

Sajini alifunga daftari lake. "Niletee mwingine," alisema, "mwenye sababu. Huyu nitamfungulia mimi mwenyewe."

Mwenye sababu, kwa watu wengi, alikuwa Anatory. Huyu ndiye angepiga kinanda Jumapili, Mkatoliki aliyeazimwa na Walutheri kwa kuwa hawakuwa na mpigaji wa kiwango chake. Aliishi Muleba, na alikuwa ameondoka Alhamisi baada ya mazoezi. Kila mtu alijua anavyoudharau wimbo wa Mwalimu. Klaudia alipanda Landrova ya redio, na saa tano alikuwa amekaa barazani kwa Anatory mbele ya sahani ya ebitoke, ndizi za kupikwa, na maharage.

"Bach anataka nini kwa mpigaji?" alianza, kama anavyoanza siku zote.

"Utii," alisema Anatory papo hapo. "Kila kidole kina mahali pake. Ukimwongezea manjonjo anakuumbua mbele ya watu."

"Na Mwalimu Nathanieli?"

"Waitu! Huyo anataka kinanda kilie kama enanga. Nimemwambia kinanda si nyuzi, ni pumzi. Hasikii."

"Kwa hiyo ulipenda wimbo wake usipigwe. Na sasa ndimi za kinanda zimeibwa."

Anatory aliweka kijiko chini. "Nilipenda, ndiyo. Na ningemshinda leo mbele ya mchungaji kwa vidole vyangu. Nikiiba ndimi, nimemshinda nani?" Kisha akauliza, "Zimekwenda zipi?"

"Fa na ti. Bach hawezi kupigwa."

"Wala wa Mwalimu."

"Wa Mwalimu hauna fa wala ti. Ameniambia mwenyewe."

"Kwa waimbaji, hauna. Lakini dada, zile herufi zinasema kweli pale tu unapoanzia kwenye d. Do ya Mwalimu, ile ya kichuma chake, kwenye kinanda iko pale palipoandikwa s. Hesabu mwenyewe: s ndiyo do yake, l ndiyo re yake, na t?"

"Mi," alisema Klaudia polepole.

"Mi yake! Na wimbo wake unaanza kwa mi, unakaa kwenye mi, unafia kwenye mi. Aliyeng'oa t amemuua Mwalimu kabla ya Bach."

Basi hapo Klaudia alikwama, na ilimuuma, kwa sababu tangu asubuhi alikuwa akimshuku Mwalimu. Mtu gani anauchinja wimbo wake wa miaka kumi na mmoja? Alimchukua Anatory kwenye Landrova wakarudi Bukoba. Njiani, ili kutuliza kichwa, akausikiliza utepe wa Ijumaa. Walipofika karibu na mji alikuwa ameurudisha mahali pamoja mara kadhaa, na alikuwa anatabasamu.

Saa kumi kwaya ilikuwa imesimama, mchungaji amekaa benchi la mbele, Sajini Burhani kando yake na Muharami kwa ombi la Klaudia.

"Mwalimu," alisema Klaudia, "mazungumzo yetu yalibaki kidogo. Wasikilizaji watapenda kujua wimbo wako unaanzia wapi. Tuonyeshe do yako kwenye kinanda."

"Jambo dogo hilo." Mwalimu alikwenda kwa hatua za mtu anayeongoza kwaya tangu kabla ya uhuru. Anatory alikanyaga mivukuto. Mwalimu akaweka kidole kwenye kibao chenye d, akabonyeza.

Sauti ilitoka, safi kabisa.

"Mwalimu, hapo siyo," alisema Kokubanza, kiongozi wa sauti ya kwanza, kabla hajafikiri. "Hiyo iko chini mno."

Mwalimu alikunja uso. Akabonyeza tena. Akatoa kichuma chake, akakigonga, akasikiliza, akabonyeza mara ya tatu. Sikio lake lilikuwa zuri kuliko la yeyote mle ndani, na ndilo lililomhukumu. Kidole kilitambaa kibao baada ya kibao hadi kwenye s, kikasimama. Sauti mbili zikawa moja. Kisha kikapanda kutafuta mi, kikabonyeza t, na upepo ukapita mtupu.

"Mungu wangu," alisema.

"Ulidhani d ya mmisionari ndiyo do yako," alisema Klaudia. "Aliyezoea kibao angejua. Anatory anajua, Muharami anajua. Ulitaka Bach anyamaze na wimbo wako ubaki mzima. Wapigaji wasingekosea hivyo."

"Dhana tu hiyo," alisema Mwalimu, lakini kwa sauti ndogo.

Klaudia akawasha mashine. *Hiki chenye f*, ilisema sauti yake. Kisha ya Mwalimu: *Maskini Bach! Bila fa na ti...*

"Saa mbili na robo nilikuwa nimebonyeza kibao kimoja, Mwalimu. Chenye f. Kinanda kilifunguliwa saa sita. Ti ulijuaje?"

Mwalimu Nathanieli alitia mkono ndani ya koti, akatoa leso iliyofungwa fundo, akaiweka juu ya kinanda. Shaba ikagongana ndani.

"Ningezirudisha Jumapili jioni," alisema. "Kila mwezi tunaambiwa tujitegemee, tutukuze chetu. Na nilijua mchungaji atachagua cha Mjerumani. Ninakwenda Ngenge. Huko wimbo wangu utaimbwa na nani? Nilitaka usikike mara moja tu, na mimi niwe nimesimama mbele yake."

"Na mimi?" Muharami alikuwa ameinuka. "Ule mfuko uliougonganisha kwa Afande?"

Mwalimu hakuweza kumtazama. "Nilitafuta jina la kusema. Lako ndilo lililokuwa karibu."

"Ungeniambia tu Bach asipigwe! Ningesema kinanda kimeharibika. Sisi mafundi tunasema hivyo kila siku, na bure hatusemi!" Wanakwaya kadhaa walicheka, kisha wakaona haya, kwa kuwa macho ya Muharami yalikuwa mekundu. "Afande, mfungue au mfunge, hiyo kazi yako. Ninachotaka kesho asimame mbele ya wageni aseme Muharami hakuiba. Aseme kwa sauti ile ile aliyosemea uongo."

Jioni ile Sajini aliyaandika maelezo upya, na Muharami akazirudisha ndimi kwa kindoano chake, moja moja, akinung'unika.

Jumapili Mwalimu Nathanieli alisimama na kusema yote, jina la fundi akalitaja mara mbili. Kisha Kokubanza akashika nafasi yake, Anatory akapiga, na Bach akaimbwa bila kosa. Wageni walifurahi, wakala, wakaondoka. Wimbo wa Mwalimu hakuna aliyeuuliza. Mwenyewe alibaki benchi la nyuma karibu na Sajini, kichuma mkononi, hakukigonga.

Kwaya ilikuwa inakusanya majoho ndipo Muharami alipoingia.

"Msiondoke kwanza," alisema. "Huo wimbo upigeni. Nimelala mahabusu kwa ajili yake, angalau nijue unafananaje."

Anatory alimtazama mchungaji, mchungaji akaitikia kwa kichwa. Mashine ya Klaudia ikaanza kuzunguka. Anatory, ambaye hakuupenda, aliupiga kwa utii, kila kidole mahali pake, na waimbaji wakaingia kwa mi ile, wakakaa juu yake, wakaipokezana hadi kanisa likajaa. Mwalimu Nathanieli aliinamisha kichwa akalia waziwazi.

Ulipokwisha wote walimgeukia fundi.

"Mzuri, wala haukuhitaji wizi," alisema Muharami. Akachukua mfuko wake wa vyombo. "Ndiyo maana hasira yangu imezidi."